Namna ya kula vizuri Mtwara mjini na kuzoeana na watu wake

Wakazi wengi wa Mtwara mjini hula mahali pawili au patatu tu mwaka mzima: chipsi karibu na kazini, wali maharage jirani na nyumbani, na mwisho wa mwezi hoteli moja ya ufukweni. Baada ya hapo wanasema mji hauna chakula. Chakula kipo, tena kingi, ila hakikai sehemu moja kikimsubiri mtu. Mtwara chakula kizuri kinafuata saa, maji ya bahari, msimu wa shamba na adhana. Anayejua pweza anatoka lini na ming'oko inapitishwa saa ngapi atakula vizuri, kwa hela ndogo, kumzidi mwenye majina ya hoteli kumi kichwani.

Tuanze na umbo la mji, maana linawapotezea watu jioni nzima. Mtwara ilipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ambao ndio ulioleta bandari na reli. Wapangaji walitarajia mji mkubwa, wakaacha barabara pana na maeneo yaliyoachana. Mradi ulikufa, reli ikang'olewa, nafasi zikabaki. Kwa hiyo hakuna mtaa mmoja wa vyakula ambao unaweza kuumaliza kwa miguu. Chagua upande mmoja kwa siku moja. Ukitaka Shangani na Magomeni jioni hiyo hiyo, panda bajaji na mpatane nauli kabla hujakaa.

Asubuhi ni kabla ya saa 3

Supu inywe kati ya saa 12 na saa 2 na nusu. Iwe ya mbuzi, ya kongoro, ya kuku au ya samaki, sufuria ya kwanza ndiyo yenye nguvu. Ikifika saa 3 wauzaji wengi wameshaongeza maji ili itoshe, na kilichobaki ni chumvi na ndimu. Angalia kabla ya kuagiza: supu iliyo sawa ina matone ya mafuta juu na haionekani nyeupe kama maji ya mchele.

Ila kifungua kinywa tunachokipenda zaidi ni mbaazi za nazi. Mtwara na Lindi ni mikoa ya mbaazi, na mpishi anayezijua huziloweka usiku kucha, akazichemsha bila chumvi mpaka ziive kabisa, ndipo anatia tui, chumvi na kitunguu. Mbaazi nzuri inapondeka ukiibana kwa ulimi lakini bado ina umbo lake, na tui limekaa pamoja. Ukiona tui limekatika, maji chini na chembechembe juu, lilichemshwa kwa moto mkali bila kukorogwa. Ladha haijaharibika sana, ila utajua mpishi alikuwa na haraka. Kula na chapati au maandazi, na uwahi, kwa sababu mbaazi huisha kabla ya supu.

Vitumbua nunua vikitoka kwenye chuma. Ukingo uwe wa kahawia na mkavu, katikati pawe laini. Kikiwa kichachu mpaka ulimi unasisimka, unga ulilala muda mrefu kuliko inavyotakiwa.

Samaki: soma mwezi kabla ya kwenda soko la samaki la Feri

Hapa ndipo mkazi anapopata faida ambayo mgeni wa siku mbili haipati.

Siku chache kabla na baada ya mwezi mwandamo, na vilevile mwezi ukiwa mpevu, ni siku za bamvua: maji yanajaa sana na kupwa mbali sana. Katika pwani yetu maji ya bamvua hufika chini kabisa karibu saa 4 au saa 5 asubuhi. Hapo miamba inabaki wazi na watu wanaingia kwa miguu kutafuta pweza na chaza. Ukienda Feri saa 1 asubuhi siku hiyo utakuta pweza wa jana. Nenda kuanzia saa 6 mchana, atakuwa ndio kwanza anashuka. Katikati ya bamvua mbili kuna maji mafu, miamba haifunuki vizuri, na pweza anakuwa haba na ghali, au ametoka kwenye friji.

Dagaa wana kanuni yao. Wanavuliwa usiku kwa taa, na taa inavuta samaki usiku wa giza tu. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi ya dagaa hupumzika. Ukiunganisha mambo haya mawili unapata hesabu rahisi: siku za mwezi mwandamo kuna pweza na dagaa kwa pamoja, siku za mwezi mpevu kuna pweza lakini dagaa hakuna. Kalenda yenye alama za mwezi ibandike jikoni.

Upepo nao una neno. Kusi likivuma sana, Juni hadi Agosti, vyombo vidogo vinashindwa kutoka na bei inapanda. Bahari hutulia upepo unapogeuka, karibu Oktoba na Novemba, na tena Machi na Aprili. Ukialika wageni wa samaki, waalike miezi hiyo.

Sasa kumchagua. Jicho liwe limejaa na angavu, siyo limezama wala kuwa na ukungu. Fungua shavu: ndani pawe pekundu, siyo kahawia. Bonyeza mgongoni kwa kidole; nyama irudi. Mambo manne zaidi yanahitaji uangalifu:

Kwanza, samaki wa baruti. Pwani hii imeumizwa sana na uvuvi huo haramu. Dalili ni nyama inayolegea ilhali samaki ni wa leo, damu iliyovilia tumboni au kandokando ya uti wa mgongo, na mifupa midogo iliyoachana na nyama ukimpasua. Usinunue. Kila fungu la samaki wa baruti ni matumbawe yaliyovunjika, na matumbawe ndiyo nyumba ya pweza na changu wa kesho.

Pili, jodari na vibua waliokaa juani. Samaki hawa wakipata joto hujenga sumu ya histamini, na kupika hakuiondoi. Dalili huja upesi: uso mwekundu, mwili kuwasha, kichwa kuuma. Watu husema "samaki amenikataa", kumbe alikaa juani. Jodari mnunue penye barafu au chomboni anaposhushwa.

Tatu, bunju. Yule anayejivimbisha ana sumu inayoua. Nne, kasa. Kumvua na kumla ni kosa kisheria, na nyama yake imewahi kuua watu katika pwani hii ya Afrika Mashariki.

Changu wazima wa kilo moja na nusu wanatosha watu watatu hadi wanne ukishawapara na kuwatoa matumbo. Waambie wanaopara samaki wamkate mistari mitatu kila upande ikiwa ni wa kukaanga, au vipande vya vidole vitatu ikiwa ni wa mchuzi.

Si lazima upike mwenyewe. Mama lishe wengi watakupikia samaki uliyemleta, ila patana mambo matatu kabla hajawasha moto: malipo ya kupika, mafuta ni ya nani, na kama wali au ugali umo ndani ya bei hiyo. Mpelekee kabla ya saa 5 na nusu, kwani kuanzia saa 6 meko yote yana wateja wa mchana na samaki wako atasubiri kwenye joto. Kwa mchuzi, peleka nazi moja kubwa kwa kila kilo, na uombe tui zito litiwe mwishoni, dakika tano za moto mdogo.

Pweza akiwa mgumu, kosa limefanyika katika hatua moja kati ya tatu. Hakupigwa vya kutosha, au alitiwa chumvi mapema, au aliongezewa maji mengi na moto mkali. Njia sahihi: mpige juu ya jiwe mpaka mikono yake inyooke na kulegea, msugue kuondoa utelezi, muweke sufuriani bila maji wala chumvi, funika. Atatoa maji yake mwenyewe, ya rangi ya zambarau. Mwache humo kwa moto mdogo dakika 45 hadi saa nzima, mpaka uma uingie sehemu nene ya mkono bila kulazimisha. Hapo ndipo chumvi, ndimu na pilipili vinapoingia. Yale maji usiyamwage. Ndiyo supu ya pweza.

Mchana kwa mama lishe

Wali nazi, ugali wa muhogo, ugali wa sembe, kisamvu, kunde, njugu mawe, samaki wa kukaanga, mchuzi. Dirisha zuri ni saa 6 na nusu hadi saa 8. Ijumaa wahi kabla ya saa 6, au njoo baada ya saa 7 na nusu, kwani wengi husimama kwa sala.

Mpime mama lishe kwa vitu vitatu. Maji ya kunawa yawe ya kumiminwa, siyo beseni moja kwa wote. Kachumbari ikatwe karibu na kupakuliwa. Na wali uwe wa leo: wali uliolala kwenye joto huharibika hata ukipashwa moto tena, na huwezi kuujua kwa harufu mpaka umeshaoza. Punje zikiwa ngumu nje na kavu, uliza kwa upole, "Mama, huu wa leo?" Mwenye biashara nzuri hakasiriki.

Kisamvu ndicho kinachotofautisha wapishi. Majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu, kwa hiyo hutwangwa, huchemshwa bila kufunikwa, kisha ndipo hutiwa nazi. Kisamvu kinachokwaruza koo hakikuiva, kiache. Kilichoiva vizuri ni kijani cha kuelekea kahawia, laini, na mafuta ya nazi yamejitenga kidogo pembeni.

Ukishampata mmoja unayemwamini, kuwa mteja wake. Mteja haitwi mteja kwa kusifia chakula. Nenda siku zile zile kila wiki, lipa taslimu miezi ya mwanzo, rudisha sahani na chupa, na upige simu kabla ya saa 4 ukitaka kitu maalum. Ukija na wenzako sita, mpe taarifa jana yake. Baada ya muda ataanza kukufichia kichwa cha samaki au ukoko wa wali, na ukichelewa atajua kama akubakizie. Kubeba nyumbani njoo na chombo chako. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na chakula cha moto hakifai kuingia humo hata kama isingekatazwa.

Vya msimu

Ming'oko ni ya kusini na ni yetu. Ni mizizi ya porini, myembamba kama vidole, inachimbwa kiangazi na kuuzwa ikiwa imechemshwa, kwenye beseni au sinia kichwani, zaidi kuanzia alasiri. Inauzwa kwa fungu. Unamenya ganda kwa vidole, unachovya kwenye chachandu: nyanya, kitunguu, pilipili, chumvi na ndimu. Chukua ya leo. Iliyolala hutoa utelezi. Ikiwa na nyuzi nyingi, imechimbwa imekomaa mno. Onja mmoja kabla ya kulipa, muuzaji amezoea.

Korosho zinavunwa kuanzia Septemba au Oktoba hadi Desemba hivi. Kwa kula, nunua zilizobanguliwa. Vunja moja: ikikatika kwa mlio ni kavu, ikipinda imeshika unyevu na itaota ukungu. Harufu ya mafuta ya zamani ni dalili kwamba imekaa. Nzima nyeupe ni ghali. Kwa kupikia mchuzi au kuweka kwenye kashata, vipande ni korosho ile ile kwa bei ya chini. Usinunue korosho ghafi za kangomba, yaani zinazouzwa kwa magendo nje ya mfumo rasmi, mitaani, ni kinyume cha sheria na zinamuumiza mkulima. Na usijaribu kuzichoma na maganda yake jikoni: mafuta ya ganda yanababua ngozi na moshi wake unawasha macho. Wabanguaji hufanya kazi hiyo nje, kwa utaratibu wao.

Mabibo, matunda ya mkorosho, huja pamoja na korosho na hayasubiri. Yakidondoka asubuhi, jioni yameanza kuchacha. Yanakwaruza koo, yakate, yaloweke kwenye maji ya chumvi dakika kumi, yakamue, tia ndimu, kunywa siku hiyo hiyo. Vaa nguo ya zamani, doa lake halitoki. Uraka, pombe ya kienyeji, unatoka kwenye mabibo haya haya, na gongo inapikwa kutoka humo. Gongo imekatazwa na sheria na nguvu yake haipimiki, achana nayo.

Jioni: kahawa, bao, mpira

Kijiwe cha kahawa ndiyo shule ya mtaa. Utakijua kwa birika juu ya mkaa, vikombe vidogo, na wazee kwenye benchi baada ya alasiri au baada ya magharibi. Kahawa ni chungu, utamu uko kwenye kashata. Chagua muuzaji mwenye ndoo mbili, moja ya kuoshea na moja ya kusuuzia. Ukifika, salimia benchi zima, kwa wazee "shikamooni", ukae pembeni na usikilize. Siku za mwanzo usilete siasa wala kumsahihisha mzee mbele za watu. Kumlipia aliye jirani yako kikombe ni jambo la kawaida na halihitaji sababu.

Kama kuna bao, jifunze hapo. Ubao una mashimo 32 na kete 64, na mchezo una hatua mbili: namua, kete zikiingizwa mojamoja, kisha mtaji. Mtazamaji akitaja hatua kwa sauti wakati mchezaji anafikiri, amevunja adabu. Subiri mchezo uishe, kisha umuombe mshindi akuonyeshe. Wengi watafurahi sana, kwa sababu vijana wanaouliza ni wachache.

Kwa mpira, Uwanja wa Nangwanda Sijaona ndio wa mji. Hapo ndipo timu ya Ndanda ilipocheza nyumbani tangu ilipopanda Ligi Kuu mwaka 2014 hadi iliposhuka 2020. Mechi za ngazi za chini bado zinakusanya watu, na watu hao ndio majirani zako. Simba na Yanga zikikutana, fika kibanda umiza dakika 45 kabla, lipa kiingilio, na uulize upande gani ni wa nani kabla ya kukaa.

Chakula cha usiku Shangani na karibu na stendi ni mishikaki, kuku, chipsi, mihogo, ngisi na pweza wa kukaanga. Kitoweo kilichokaangwa mchana na kurushwa tu kwenye mafuta usiku huwa kigumu na cheusi ukingoni. Omba kipya na uwe tayari kusubiri dakika kumi na tano.

Nusu siku nje ya katikati ya mji

Mikindani iko kilomita kama 10 kwenye barabara ya Lindi, daladala zinakwenda. Nenda saa 9 alasiri, tembea kwenye vichochoro vya nyumba za zamani zenye milango ya kuchonga, pita Boma la Mjerumani lililojengwa 1895, ambalo sasa ni hoteli, kisha ukae ghubani jua likizama. David Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 katika safari yake ya mwisho. Piga hodi kabla ya kuingia uani kwa mtu, na uombe ruhusa kabla ya kupiga picha ya mlango wake.

Msangamkuu iko ng'ambo ya maji. Kivuko kinatoka Msemo. Kabla ya kuvuka, uliza kwa mabaharia safari ya mwisho ya kurudi ni saa ngapi siku hiyo. Usikisie. Beba maji ya kunywa na hela ndogondogo.

Ramadhani, shughuli na misiba

Mwezi wa Ramadhani mama lishe wengi hufunga mchana, na asiyefunga anakula ndani, kwa staha. Faida yake inakuja saa 10 alasiri: barabarani kunajaa mihogo ya nazi, magimbi, viazi vitamu, tambi, kaimati, uji wa pilipili manga. Nunua kabla ya saa 11 na nusu, kwani vyakula vizuri humalizika kabla ya adhana. Ukialikwa kufuturu, peleka tende au matunda, na usichelewe.

Baada ya mavuno, na tena likizo za shule, ni wakati wa jando na unyago, na utasikia ngoma, sindimba ikiwemo. Zile za hadharani karibu utazame. Sehemu ya ndani si ya kila mtu. Ukiambiwa ishia hapa, ishia.

Kwenye harusi au maulidi, sinia la pilau huliwa na watu wanne hadi sita. Nawa, kula kwa mkono wa kulia, kula upande uliokuelekea tu, usipekue nyama katikati. Mkubwa ndiye anayeigawa. Usinyanyuke wa kwanza ukiwa na wazee.

Kwenye msiba nenda hata kama humfahamu marehemu, ikiwa ni mtaa wako. Wanaume wanakaa nje kwenye mkeka au viti, wanawake ndani. Toa mkono wa pole, kaa angalau nusu saa, mpe mchango mwenye daftari na uhakikishe jina lako limeandikwa, kwa sababu daftari hilo ndilo litakalofunguliwa siku msiba ukiwa kwako. Asiye na hela huleta sukari, unga au mzigo wa kuni, au anachota maji. Kama umehamia karibuni, kajitambulishe kwanza kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na umuombe namba ya anayekusanya michango ya mtaa wenu.